Mpira wa Maji Si Mpira wa Oili

Mwaka jana katika likizo ya Desemba nilifanya kosa katika gereji ya mjomba wangu huko Wazo, na kosa lile likamwangusha mtu barabarani. Mwalimu wetu wa fizikia aliposikia habari hii aliniambia niiandike katika gazeti la shule. Hakusema hivyo kwa kutaka kunitahayarisha, bali kwa kuwa mna fizikia nyingi ndani yake, na kwa kuwa wako wazazi wanaosoma gazeti hili ambao motokaa zao hufungwa mipira na vijana kama mimi. Basi naandika.

Kwa wasiopajua, Wazo ni kata ya Wilaya ya Kinondoni, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, karibu na Tegeta na barabara iendayo Bagamoyo. Kilima chake kina mawe ya chokaa, na kwa ajili ya mawe hayo kilijengwa pale kiwanda cha saruji, ambacho kilianza kutoa saruji mwaka 1966. Malori hupita mchana na usiku, na penye malori mengi hapakosi gereji. Ya mjomba ni mabati machache juu ya nguzo, shimo moja la kuingia chini ya gari, na mwembe ambao kivuli chake ndicho ofisi.

Mama mmoja muuza saruji alileta pikapu yake, Toyota Hilux ya dizeli, kuukuu lakini iliyotunzwa. Kila siku pikapu hiyo hupakia mifuko 20 ya kilo 50, yaani tani nzima, ikapandisha nayo njia ya Madale. Shida yake ilikuwa hii: ikifika juu na kusimama, taa nyekundu ya oili huanza kuchezacheza.

Mjomba hakukimbilia spana. Alifungua swichi ya oili akafunga geji mahali pake. Asubuhi, injini ikiwa baridi, geji ilionyesha kilo 5 kwa kila sentimita mraba. Baada ya kupandisha mzigo, injini ikiunguruma polepole, haikufika hata nusu kilo. Kisha akatia kipimajoto katika tundu la kijiti cha kupimia oili, akakuta nyuzi 135 za Sentigredi. Tulipoiacha ikapoa hadi nyuzi 105, msukumo ulirudi kilo moja na nusu, wala injini haikuwa na sauti ya kugonga. Akasema beringi bado ni nzima, ila oili inachemka mno na kuwa nyepesi kama maji. Alinieleza kwamba kama beringi zingekuwa zimekwisha, kufunga kipoza oili kungekuwa sawa na kumpepea mgonjwa wa malaria. Atasikia ubaridi, lakini homa iko pale pale.

Kipoza oili ni nini? Ni kama rejeta ndogo, nayo hukaa mbele ya rejeta kubwa ipate upepo. Mafundi wa kwetu hukiita oili kula, na siku ya kwanza nilipolisikia jina hilo nilidhani ni ugonjwa wa injini inayokula oili! Kati ya injini na filta ya oili hufungwa sahani nene ya aluminiamu yenye matundu mawili. Kwa tundu moja oili hutoka kwenda kupozwa, na kwa tundu la pili hurudi. Sahani aliyonunua mjomba ina mlango wake mdogo ambao huanza kufunguka oili ikifika nyuzi 80 hivi, kwani oili ya baridi mno nayo haifai. Ni nzito, na unyevu ulioingia ndani yake haupati joto la kuutoa. Kinachobaki ni mipira miwili ya kuunganisha sahani na kipoza, na mipira hiyo ndiyo habari yangu.

Kwa baadhi ya motokaa mipira hiyo huuzwa tayari, imekatwa kwa kipimo cha kiwandani. Lakini mtu akifunga kipoza mahali ambapo kiwanda hakikukiweka, hana budi kutengenezewa mipira ya kipimo chake mwenyewe.

Tulikuwa tumekwisha funga sahani na kipoza, mjomba akaitwa msibani Bagamoyo, akakaa siku tatu. Mama mwenye gari alikuja kila asubuhi. Hakugomba. Alikuwa akisimama chini ya mwembe na kusema, "Mwanangu, gari litalala hapa mpaka lini?" Nilijua kwamba kila siku ambayo pikapu imelala ni siku ambayo hauzi, na dereva na utingo nao hawapati kitu. Siku ya pili nikamjibu, "Shikamoo mama. Kesho asubuhi utaikuta tayari."

Nikaenda dukani nikanunua mita mbili na nusu za mpira mweusi, tundu lake nusu inchi, na klipu nne za kukaza kwa bisibisi. Ulikuwa mpira wa maji, wa kupeleka maji moto kwenye hita. Mpira ule uliingia katika mabomba ya kipoza kwa kubana vizuri. Nikakaza klipu mpaka bisibisi ikateleza, nikawasha injini, nikatazama robo saa nzima. Halikutoka hata tone. Mama akalipa, dereva akaondoka, nami nikajiona fundi.

Mjomba aliporudi aliniuliza, "Mjomba, umefunga mpira gani?" Nikajibu, "Wa nusu inchi." Jibu lilikuwa la kweli, lakini silo alilouliza. Alikuwa amechoka na safari, wala hakuuliza tena.

Siku ya tisa, pikapu ikiwa katikati ya mlima na mzigo wake, mpira mmoja ulichomoka. Mshukuruni dereva yule, kwa maana alipoona taa nyekundu alizima injini pale pale. Oili ya injini kama ile haizidi lita sita, na injini ikienda kasi pampu yaweza kuitupa yote nje kwa muda usiozidi dakika moja. Injini ikikosa oili, chuma husugua chuma, beringi hushika, nayo injini hunoki. Injini ilisalimika. Lakini nyuma yake alikuja kijana wa bodaboda, hana abiria kwa bahati njema, akapita juu ya oili ile akaanguka. Alichubuka mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, na kifundo cha mguu kikateguka.

Tulifika na mjomba, tukamwaga mchanga juu ya oili ili asianguke mwingine, kisha tukampeleka kijana zahanati. Mjomba alilipa matibabu, akamlipa na siku alizokaa nyumbani bila kazi. Hakunipigia kelele. Tuliporudi gerejini alinipa kile kipande cha mpira kilichochomoka akasema, "Kishike, mjomba." Nikakishika. Kilikuwa kimevimba na kulegea kama mkate uliochovywa katika chai, na klipu ilikuwa imezama ndani yake.

Sasa nieleze kwa nini, kama nilivyokuja kuelewa baadaye.

Kwanza ni jambo la mpira wenyewe. Sisi husema mpira tu, kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe mipira ni ya namna nyingi. Mipira ya maji ya motokaa za siku hizi hufanywa kwa mpira wa viwandani uitwao EPDM, ambao hustahimili maji moto na jua miaka mingi. Lakini asili yake na asili ya oili zakaribiana, na vitu vya asili moja huingiliana. Oili hujipenyeza katikati ya nyuzi zake ndogo sana, nyuzi husogea mbali, na mpira huvimba na kulegea. Mpira wa asili, ule utokao mtini, ndivyo ulivyo pia. Mpira wa oili hufanywa kwa aina nyingine iitwayo naitrili, ambayo haichanganyiki na oili kwa urahisi.

Niliporudi shuleni nilijaribu jambo hili katika maabara. Nilikata kipande cha mpira mpya wa maji na kipande cha mpira wa oili, kila kimoja urefu wa sentimita tatu, nikavitumbukiza katika chupa mbili za oili ya injini bila kuzipasha moto. Baada ya wiki nne unene wa ukuta wa mpira wa maji ulikuwa umetoka milimita 4 na kufika karibu milimita 5, nao waweza kuuminya kwa vidole viwili. Wa oili sikuona badiliko ambalo rula yangu iliweza kulipima. Fikirini basi katika injini, ambamo si baridi ya maabara bali ni nyuzi mia na zaidi.

Pili ni msukumo. Nendeni mkatazame kifuniko cha rejeta ya motokaa yoyote ikiwa imepoa. Nasema ikiwa imepoa, kwani ya moto itawaunguza uso. Mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1. Hiyo ndiyo kilo kwa sentimita mraba ambayo mpira wa maji huibeba. Oili ya pikapu ile asubuhi ilikuwa kilo 5. Tundu la mpira lina kipenyo cha milimita 13, kwa hiyo eneo lake ni sentimita mraba 1.33. Zidisheni kwa 5, mtapata kilo 6 na nusu na zaidi kidogo. Maana yake, kila asubuhi injini ilipowashwa, ilikuwa kama mtu amening'iniza ndoo ya lita 6 na nusu za maji katika ule mpira ili auchomoe. Na bomba la kipoza kile lilikuwa laini, halina ukingo wa kuushikilia, tena limepakwa oili. Mpira ulipokuwa mpya na mgumu klipu iliweza kuushika. Ulipolegea, klipu ilikuwa inabana uji.

Watu wengine hudhani dawa ni kufunga klipu mbili mahali pa moja. Mimi nilidhani hivyo pia.

Kesho yake mjomba alinichukua hadi duka la kubana mipira ya haidroli, lile ambalo hupelekewa mipira ya tingatinga na malori ya tipa. Kabla ya kwenda tulifanya kazi moja ambayo naisifu sana kwa urahisi wake. Tulichukua waya wa kufungia nondo, tukaukunja kuanzia kwenye sahani hadi kwenye kipoza, kwa njia ile ile ambayo mpira utapita. Tukapata nyaya mbili zenye umbo kamili, tukaenda nazo dukani kama mtu apelekaye nguo ya kipimo kwa fundi cherehani.

Njia ya mpira yataka fikira kuliko spana. Usipite karibu na bomba la moshi, kwa kuwa oili ikitiririka juu ya chuma kile yaweza kuwaka moto. Usiguse mkanda wala feni. Usisugue pembe ya bati. Ikiwa lazima upite katika tundu la bati, tundu hilo lizungushiwe mpira laini. Tena injini haikai kimya. Ya dizeli hutikisika inapowashwa na huinama upande inapokanyagwa, na hali kipoza kimefungwa kwenye bodi ambayo haitikisiki pamoja nayo. Mpira uliovutwa kama kamba ya nguo utavuta fitingi zake kila mara mpaka kitu kivunjike. Isitoshe, mpira wenyewe ukiingiwa na msukumo hubadilika urefu, waweza kurefuka sehemu 2 kwa mia au kufupika hadi sehemu 4 kwa mia. Kwa hiyo tuliongeza sentimita chache za kulegea. Lakini usizidishe ukaukunja mno: mpira wa nusu inchi wenye wavu mmoja wa waya hautaki kukunjwa kwa duara ambalo nusu kipenyo chake ni chini ya sentimita 18.

Dukani nilijifunza kusoma mpira. Sikujua kwamba mpira husomwa! Ubavuni mwake mna maandishi. R1 ni wenye wavu mmoja wa nyaya za chuma ndani yake, R2 una nyavu mbili. Wa R1 wa nusu inchi hustahimili kilo zaidi ya 130, na sisi twataka 5 tu, au 7 na 8 asubuhi ya baridi kali ambayo Wazo hatunayo. Basi nguvu si tatizo. Tatizo ni joto. Mipira mingi ya namna hiyo imeandikwa mwisho nyuzi 100, na oili yetu ilikuwa imefika 135. Mjomba aliuliza kama upo wa joto kubwa zaidi, ukatolewa mwingine wa bei ya juu. Nilimnong'oneza kwamba mpira wa kurudi waweza kuwa ule wa rahisi, maana oili yake imekwisha pozwa. Akaniuliza, "Na gari likisimama kwenye foleni, feni ya nani itaipoza?" Tukachukua wa bei kwa yote miwili.

Halafu zikaja fitingi, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Namba ya fitingi za Kimarekani huhesabu sehemu za kumi na sita za inchi: namba 8 ni nane juu ya kumi na sita, yaani nusu inchi. Hilo ni rahisi. Lakini nyuzi za nati si za namna moja. Kuna za Kiingereza, kuna za milimita, na kuna hizo za Kimarekani ambazo uso wake wa kukutania umechongwa kwa pembe ya nyuzi 37. Nati ya namba 8 ya Kimarekani ina kipenyo cha milimita 19 na nyuzi 16 kwa inchi. Boliti ya milimita 20 yenye hatua ya 1.5 yafanana nayo mno kwa macho. Kuna baadhi ambazo ukizijaribu zitaingia mizunguko miwili kisha zikaze, na mwenye mkono wenye nguvu ataongeza spana ndefu na kudhani amefunga. Amekwisha kata nyuzi. Fundi wa duka lile alipima kila moja kwa kalipa na kwa vile vibati vyenye meno, hakukisia hata moja.

Mpira ulikatwa kwa kisu cha umeme, ukapulizwa kwa upepo mara nyingi ndani. Unga wa mpira na vipande vya waya vikibaki humo huingia katika kipoza, na kutoka huko vyaweza kufika kwenye injini. Fundi alitia alama ya chaki kwenye mpira ili ajue fitingi imeingia mpaka mwisho, akavisha kikombe cha chuma, akaweka katika mashine. Mashine ina meno manane yanayokuja kutoka pande zote, nayo hubana kikombe kidogo kidogo. Alibana, akapima, akabana tena kidogo, akapima. Ikibanwa pungufu mpira huchomoka kama wangu. Ikizidi, mpira wa ndani hukatika. Mpira mmoja ulikuwa na fitingi za kona ncha zote mbili, na hapo ndipo ule waya wetu ulipotuokoa, kwa sababu kona mbili zikibanwa huku moja ikitazama upande usio wake, haiwezekani tena kuzigeuza. Hutupwa.

Kuvifunga garini hakukuchukua saa moja. Yale mabomba laini ya kipoza tuliyatoa, tukatia fitingi za nyuzi mahali pake. Wakati wa kukaza twatumia spana mbili, moja kushika na moja kuzungusha, ili mpira usisokoteke. Maandishi ya ubavuni yakikaa mstari mmoja ulionyooka, mpira haukusokoteka. Yakizunguka kama mstari wa pipi, legeza uanze upya.

Hatukuwasha mara moja. Tulichomoa waya wa umeme unaoruhusu dizeli kuingia, tukazungusha injini kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ndipo tukarudisha waya na kuwasha. Mipira miwili yenye urefu wa jumla mita 2.4 humeza kama mililita 300 za oili, na kipoza kilimeza nusu lita, kwa hiyo kijiti kilionyesha pungufu tukaongeza. Mafundi wengine husahau hapa, wakampa mwenye gari injini yenye upungufu wa karibu lita moja.

Mjomba alipanda nayo mlima na mifuko 20, mimi nikiwa kando yake na kipimajoto. Juu kabisa tulipata nyuzi 108, na geji kilo moja na zaidi. Tukafungua boneti tukapitisha karatasi nyeupe chini ya kila fitingi. Ilibaki nyeupe. Siku ya tatu na mwisho wa wiki ya pili tulikagua tena.

Niongeze neno moja kwa wapenzi wa mashindano. Volkswagen ya zamani ya mviringo, ambayo ilishinda Safari Rally mwaka 1962, haina mipira ya oili hata mmoja. Kipoza chake husimama juu ya injini yenyewe, ndani ya njia ya upepo wa feni. Mjomba husema mpira salama kuliko yote ni ule ambao haupo, nami naona ana haki, ila Hilux haikuumbwa hivyo.

Gharama ya mipira ile mipya, ukijumlisha na oili iliyomwagika, matibabu na siku za yule kijana wa bodaboda, mjomba alizilipa yeye. Mimi nilifanya kazi gerejini likizo yote iliyobaki bila kuchukua senti. Kijana yule amepona na hupita gerejini, tukionana hunisalimu kwa kuniuliza, "Fundi, leo umefunga mpira gani?"

Kile kipande kilichovimba nilikuja nacho. Kimo katika kopo juu ya rafu ya pili ya maabara ya fizikia, pamoja na chupa mbili nilizozieleza. Anayetaka kukiminya na amwombe mwalimu, kisha anawe mikono.